Ushindani wa Wanafunzi katika Riwaya za Shule za Uchawi: Nafasi ya Kipimo cha Uwezo

Ikisiri

Makala hii inachunguza ushindani baina ya wanafunzi katika riwaya za fantasia zenye mandhari ya shule au mafunzo ya uwezo usio wa kawaida. Matini zilizoteuliwa ni riwaya ya A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin (1968), mfululizo wa Harry Potter wa J. K. Rowling (1997–2007) na riwaya ya Akata Witch ya Nnedi Okorafor (2011). Hoja kuu ni kwamba chanzo cha ushindani huo si tofauti ya tabia njema na mbaya kati ya wahusika wawili tu, bali pia ni kipimo ambacho shule au jamii ya wanafunzi inakitumia kuamua nani ana uwezo na nani anastahili kuwa nao. Kipimo kinapobadilika, sura ya ushindani nayo hubadilika. Makala inamalizia kwa kuihusisha hoja hiyo na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert.

1.0 Utangulizi

Riwaya ya shule ya uchawi ina mambo machache yanayojirudia. Mtoto asiyejua asili ya uwezo wake hutolewa nyumbani, hupelekwa mahali pa mafunzo, hupata marafiki wawili au watatu, na mapema sana hukutana na mwanafunzi mwenzake anayemdharau. Kwa kuwa jambo hilo limezoeleka, ni rahisi mhakiki kulichukulia kuwa ni kichocheo cha msuko tu: mhusika mkuu anahitaji mkinzani, na mkinzani aliye karibu ni yule wanayekaa naye darasa moja.

Usomaji wa namna hiyo unaacha swali muhimu bila jibu. Katika riwaya hizi adui mkubwa kwa kawaida yuko nje ya darasa: kivuli, mchawi mwovu au muuaji wa watoto. Iwapo adui huyo yupo, kwa nini mwandishi atumie kurasa nyingi kusimulia kejeli na visasi vya vijana? Makala hii inajibu kwamba ushindani wa wanafunzi ndiyo nafasi ambamo riwaya inauliza uwezo ni mali ya nani, na unapaswa kutumiwa kwa lengo gani.

2.0 Istilahi na Mkabala

Maneno mawili yanahitaji kufafanuliwa kabla ya uchambuzi. La kwanza ni uchawi. Katika Kiswahili neno hili hubeba maana ya kudhuru. Mchawi huogopwa, ilhali mganga huendewa. Shule zinazosawiriwa katika riwaya hizi hazifundishi kudhuru peke yake, wala kuponya peke yake. Kwa hiyo, makala inatumia neno uchawi kwa maana pana ya elimu ya nguvu zisizo za kawaida, na inapohitajika inasema uwezo.

La pili ni ushindani. Kuna haja ya kuutenga na husuda na uhasama. Mshindani anataka kumpita mwenzake katika jambo ambalo wote wawili wanalitaka. Hasidi anataka mwenzake apokonywe alichonacho, hata kama yeye mwenyewe hatakipata. Hasimu anataka kumwangamiza mwenzake. Hatua hizi tatu zinaweza kufuatana ndani ya mhusika mmoja, na kazi ya mhakiki ni kuonyesha mahali ambapo hatua moja inageuka kuwa nyingine.

Mkabala unaoongoza uchambuzi ni ule wa René Girard, aliyedai katika kitabu chake cha mwaka 1961 kwamba binadamu hatamani kitu moja kwa moja, bali hukitamani kwa kuiga matamanio ya mwingine. Kadiri mwigaji na mwigwaji wanavyokaribiana, ndivyo wanavyogeuka kuwa vizuizi vya wao kwa wao. Shule ya bweni, ambamo wanafunzi wanakula, kulala na kusoma pamoja, ni mazingira mwafaka kabisa kwa jambo hilo.

3.0 Roke: Kipimo cha Nasaba na Majivuno

Katika riwaya ya Le Guin, Ged ni mchunga mbuzi kutoka kisiwa cha Gont anayefika katika shule ya kisiwa cha Roke, inayoongozwa na Mabingwa tisa. Mwanafunzi anayempokea ni Jasper, kijana wa ukoo wa kiungwana kutoka Havnor. Jasper hamtukani Ged waziwazi. Adabu yake yenyewe ndiyo dharau: anamwonyesha shule kama mwenyeji anavyomwonyesha nyumba mgeni asiyejua pa kuketi. Ged, ambaye tayari aliwahi kukiokoa kijiji chake kwa kukifunika kwa ukungu, anaumia zaidi kwa sababu sifa hiyo haina thamani machoni pa Jasper.

Hapa kuna vipimo viwili vinavyopingana. Kipimo cha Mabingwa ni kujua majina ya kweli ya vitu na kutambua kwamba kila tendo la uchawi hugusa mizani ya ulimwengu. Kipimo cha Jasper ni umaridadi wa kuonyesha na heshima ya kuzaliwa. Kosa la Ged ni kuwa mwanafunzi wa Mabingwa lakini kujipima kwa kipimo cha Jasper. Wanaposhindana usiku katika Kilima cha Roke, Ged anamwita Elfarran, aliyekwishakufa zamani za kale. Ufa unafunguka, kivuli kinatoka na kumrarua uso, na Nemmerle, mkuu wa shule, anafariki kwa kuuziba ufa huo.

Jambo linalostahili kuzingatiwa ni hatima ya Jasper. Anaondoka Roke bila kupata fimbo ya uchawi, na habari zake zinatolewa kwa sentensi chache tu katika mazungumzo ya baadaye. Mshindani aliyeonekana kuwa kiini cha mgogoro anatoweka. Kinachobaki ni kivuli, ambacho mwishoni Ged anakiita kwa jina lake mwenyewe. Kwa maneno mengine, riwaya inaonyesha kwamba Ged hakuwa akishindana na Jasper, bali na picha yake mwenyewe kama alivyodhani Jasper anaiona. Huu ndio mchakato alioueleza Girard, isipokuwa Le Guin anauhamishia ndani ya nafsi na kuupatia ufumbuzi humo.

4.0 Hogwarts: Kipimo cha Alama

Iwapo Roke inauvumilia ushindani, Hogwarts inauandaa. Wanafunzi wanagawanywa katika mabweni manne siku ya kwanza. Kila jibu zuri huongeza alama za bweni na kila kosa huzipunguza, na mwisho wa mwaka hutolewa kombe. Draco Malfoy na Harry Potter wana sababu zao binafsi za kutopendana, kwani Harry anaukataa mkono wa Draco wakiwa bado kwenye treni. Hata hivyo, ni shule inayoichukua chuki hiyo ya watoto wawili na kuipa rangi, bendera na hesabu.

Mfano ulio wazi zaidi ni karamu ya mwisho katika kitabu cha kwanza. Bweni la Slytherin lina alama 472 na la Gryffindor lina 312. Ukumbi umekwishapambwa kwa rangi za Slytherin. Ndipo mkuu wa shule anapotoa alama 50 kwa Ron, 50 kwa Hermione na 60 kwa Harry, na mabweni mawili yanalingana. Alama 10 za mwisho anapewa Neville kwa kuthubutu kuwapinga marafiki zake, na Gryffindor linafikisha 482. Msomaji anaalikwa kushangilia, na alama za Neville zina funzo la kweli. Lakini tukio hilo likisomwa kutoka meza ya Slytherin, ni somo jingine: mizani iko mkononi mwa mwalimu, na inaweza kuinama baada ya mchezo kwisha. Watoto wa meza hiyo, ambao wengi wao hawakumtendea Harry ubaya wowote, wanapokonywa ushindi mbele ya mapambo yao wenyewe. Husuda hustawi katika udongo kama huo.

Mfululizo huu aidha unaonyesha kwamba ushindani hurithiwa. Katika kitabu cha tano Harry anaona katika kumbukumbu za mwalimu Snape jinsi baba yake, James, alivyomdhalilisha Snape mbele ya wanafunzi wenzao. Katika kitabu cha sita Harry anampiga Draco kwa laana ambayo hajui matokeo yake, na karibu amuue. Laana hiyo ilibuniwa na Snape alipokuwa mwanafunzi, naye aliiandika kando ya kurasa za kitabu chake kama silaha dhidi ya maadui. Hivyo, chuki iliyozaliwa na ushindani wa kizazi kimoja inahifadhiwa kitabuni na kufyatuliwa na mtoto wa mshindani yuleyule.

Ufumbuzi wake pia unapitia kwa washindani. Katika kitabu cha saba Draco anasita kumtambulisha Harry kwa watu wanaotaka kumuua, na baadaye Harry anamwokoa Draco kutoka motoni. Tena, fimbo yenye nguvu kuliko zote inamtii Harry kwa sababu alikuwa amempokonya Draco fimbo yake. Ushindi dhidi ya adui mkuu unategemea purukushani ya wanafunzi wawili. Mshindani hawi rafiki, lakini anaacha kuwa hasimu, na riwaya inaridhika na hilo.

5.0 Watu wa Chui: Kipimo Kisicholinganisha

Riwaya ya Okorafor inaondoka katika desturi hiyo. Sunny, msichana mwenye ualbino aliyezaliwa New York na anayeishi Aba, Nigeria, anagundua kwamba ni miongoni mwa Watu wa Chui. Anafundishwa pamoja na wenzake watatu, Orlu, Chichi na Sasha, chini ya walezi wa elimu, bila mabweni yanayoshindania kombe. Vipengele viwili vya jamii hiyo vinagusa moja kwa moja suala la kipimo.

Kwanza, uwezo wa pekee wa mtu hutokana mara nyingi na kile ambacho ulimwengu wa kawaida unakiita kasoro. Ualbino wa Sunny una uhusiano na uwezo wake wa kutoonekana. Uwezo wa namna hiyo hauwezi kupangwa katika safu moja kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Pili, sarafu ya jamii hiyo, chittim, huanguka kutoka hewani mtu anapojifunza jambo. Haichukuliwi kutoka kwa mwenzake. Mmoja akipata, mwingine hapungukiwi.

Pamoja na hayo, Okorafor hadai kwamba kipimo kizuri kinafuta majivuno. Chichi na Sasha huchocheana katika uthubutu, na wakati wa tamasha la Abuja Chichi anamwita mzuka hatari mbele ya vijana wenzake ili kuonyesha umahiri. Tukio hilo linakumbusha lile la Ged, kwani katika riwaya zote mbili kijana anafungua mlango wa ulimwengu wa roho kwa ajili ya kutazamwa. Tofauti ni kwamba marafiki hawa wanne wanatakiwa kumkabili muuaji wa watoto kwa pamoja, na hakuna uwezo wa mmoja wao unaotosha. Ushindani upo, lakini unabaki chini ya hitaji la kutegemeana.

6.0 Mjadala

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili ana sababu ya kuuona mgogoro huu kuwa si mgeni. Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert anawasawiri ndugu wawili wanaomhusudu Adili, na kuwapa majina yanayotangaza maradhi yao: Hasidi na Mwivu. Wanageuzwa manyani kwa nguvu za kijini, na Adili analazimika kuwapiga kila usiku. Hapa husuda ni hali ya moyo inayopewa umbo la mwili, na mizizi yake imo ndani ya mwenye kuhusudu. Riwaya za shule zinaongeza kiungo ambacho ngano ya ndugu haikihitaji: taasisi inayopima. Hasidi hakuhitaji ubao wa matokeo ili amchukie Adili. Draco anapewa ubao huo na kuombwa autazame kila siku.

Tofauti hiyo ina uzito nje ya fantasia. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha za shule na watahiniwa bora, na hatua hiyo ilizua mjadala juu ya iwapo orodha hizo huwachochea wanafunzi au huwaumiza. Riwaya zilizochambuliwa hazitoi sera, lakini zinatoa lugha ya kuujadili mjadala huo: je, kipimo kinampa mwanafunzi hamu ya kujua, au kinampa mtu wa kumchukia?

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba ushindani wa wanafunzi katika riwaya hizi hufuata kipimo. Palipo na kipimo cha nasaba, mnyonge hujipima kwa macho ya anayemdharau na kujidhuru mwenyewe. Palipo na alama za kugombania, chuki ya wawili huwa chuki ya makundi na hurithiwa. Palipo na elimu isiyopungua kwa kugawanywa, majivuno hubaki lakini hayatawali. Kwa hiyo, uchambuzi wa fantasia ya vijana, ikiwemo itakayoandikwa kwa Kiswahili, haupaswi kuishia katika kumtaja mkinzani na tabia zake. Uchunguze pia ni nani anayehesabu alama, anahesabu nini, na anayeshindwa anabakiwa na nini mkononi.