Istilahi za Maabara: Kingamwili na Chelezo

Baadhi ya maneno ya maabara, yakifasiriwa neno kwa neno, humpa msomaji habari isiyo kweli. Tuchukue kibandiko cha kichupa kisemacho kwamba ndani yake mna kingamwili ya sungura "dhidi ya" flotilini ya binadamu. Karani wa forodha asomaye hivyo aweza kudhani kuwa hiyo ni dawa ya ugonjwa uitwao flotilini. Lakini flotilini si ugonjwa, na kilichomo kichupani si dawa.

Flotilini ni protini ya utando wa seli. Utando huo umefanywa hasa kwa lipidi, nazo hazikutapakaa sawasawa: mahali pengine kolesteroli na sfingolipidi hujikusanya pamoja na protini fulani, zikaelea kama kitu kimoja katika sehemu iliyo laini zaidi. Mwaka 1997 Kai Simons na Elina Ikonen walilieleza jambo hili kwa mfano wa magogo yaliyofungwa pamoja yakaelea majini. Kwa maana hiyo watu wa pwani wana neno chelezo, litokanalo na kuelea. Basi chelezo cha lipidi ni istilahi itoshayo. Mtu aweza kupendelea kisiwa, lakini kisiwa hakiendi, na vyelezo hivi husogea.

Jina la flotilini nalo lina asili ya kuelea. Seli zikitiwa sabuni ya maabara katika baridi ya nyuzi 4, kisha zikazungushwa kwa kasi kubwa katika maji ya sukari yaliyopangwa kwa tabaka, protini hii hupanda juu pamoja na vyelezo vyake. Mwaka uo huo wa 1997 watafiti wengine, waliochunguza jinsi neva ya jicho la samaki inavyoota upya, waliiita reggie. Mfasiri ajihadhari hapa, maana hesabu zimepishana: flotilini-1 ndiyo reggie-2.

Sasa kingamwili. Mwilini neno hili lasema kweli, kwani huko kazi yake ni kukinga. Maabarani haikingi kitu. Sungura hudungwa protini ya binadamu, au kipande chake, naye hutengeneza kingamwili za kuishika. Hizo huvunwa katika damu yake, zikatumiwa kuonyesha mahali flotilini ilipo. Na kwa kuwa flotilini hukaa upande wa ndani wa utando, hapana budi utando utobolewe kwanza ndipo kingamwili iifikie.

Kwa hiyo yafaa kuandika "kingamwili ya sungura itambuayo flotilini ya binadamu", na kuacha "dhidi ya". Mnyama atajwaye kwanza ndiye aliyetoa kingamwili. Atajwaye baadaye ndiye mwenye protini. Ama yale maneno mafupi "kwa utafiti tu", afadhali yarefushwe: "kwa utafiti tu, si ya kutibu wala kupima ugonjwa".