Hati Zilizouzwa Kabla ya Kifo

Wasomaji wetu, wengi wenu mwaijua bima ya maisha: mtu hutoa ada kila mwezi, naye akifa, jamaa aliowaandika hulipwa fedha iliyoahidiwa. Leo twataka kueleza jinsi wagonjwa wa Ukimwi katika Marekani walivyoziuza hati hizo, maana habari hii yamhusu kila atunzaye fedha ya nyumba yenye ugonjwa.

Ukimwi ulipoenea huko katika miaka ya 1980, wengi waliopatwa walikuwa vijana wasio na mke wala mtoto. Kazi ziliwaponyoka, na dawa ilikuwa ghali mno: AZT, ilipotoka mwaka 1987, ilihitaji karibu dola 10,000 kwa mwaka. Wengine hawakubaki na mali ila hati ya bima, nayo haimfai mwenyewe maadamu yu hai. Ndipo wakatokea wanunuzi. Tuseme hati ni ya dola 100,000: mnunuzi alimpa mgonjwa labda 60,000 papo hapo, akaendelea kuilipia ada yeye mwenyewe, kisha akangoja. Mgonjwa akifa, zote 100,000 ni zake. Aliyetazamiwa kufa upesi alipewa zaidi. Biashara hiyo yachukiza masikioni, walakini hatuthubutu kuwalaumu waliouza. Fedha ile iliwalipia wengi kodi ya nyumba, chakula na uuguzi.

Mwaka 1996 hesabu ikageuka. Waganga walianza kutumia dawa tatu pamoja, na watu waliokwisha kuagana na rafiki zao wakainuka vitandani. Furaha ilikuwa kubwa, lakini iliwakuta wengine mikono mitupu: fedha imekwisha, kazi wameiacha, madeni yapo, wala bima mpya hawakuweza kuipata, kwa kuwa kampuni zilimkataa mwenye virusi. (Siku hizi ziko zinazomkubali, huko na katika Afrika Kusini pia, akishika dawa zake sawasawa.) Walikuwa wamepiga hesabu ya kufa; ya kuishi hawakuipiga, na sisi katika mahali pao tusingaliipiga.

Wanunuzi nao walishikwa na hasara, maana ada ziliendelea mwaka baada ya mwaka. Wengine walituma barua au kupiga simu kila baada ya miezi michache, wakimwuliza aliyewauzia, kwa adabu, kama angali akikaa mahali pale pale. Naye alijua vema kinachoulizwa.