Dini ya Msambwa: Jina na Hukumu Iliyofichwa Ndani Yake

Jamii ya waumini inapogongana na serikali, aghalabu hupokonywa jina lake kabla ya kupokonywa uhuru wake. Anayeisoma historia yake baadaye huikuta imeandikwa kwa msamiati wa polisi, hakimu na mmisionari. Hivyo ndivyo ilivyo kwa Dini ya Msambwa, iliyochipuka Kimilili, Bungoma, ikaenea hadi katika mashamba ya walowezi kandokando ya Kitale. Mwalimu anayefundisha habari zake hana budi kuanza kwa kuyachunguza maneno yenyewe.

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Katika karne ya 17 huko Uingereza, jamii iliyojiita Marafiki ilibandikwa jina la Quaker, yaani watetemekaji. Karne iliyofuata, kikundi kingine cha Manchester kilichoabudu kwa kutikisa mwili kiliitwa Shaker, yaani watikisikaji. Kikiongozwa na Ann Lee, kilihamia Marekani mwaka 1774. Wafuasi wake waliishi bila kuoa wala kuolewa, wakimiliki mali kwa pamoja. Walikuwa na jina lao rasmi, tena refu, lakini ni wachache wanaolikumbuka. Leo baadhi ya vijiji vyao vimegeuzwa makumbusho, na waumini waliosalia wanahesabika kwa vidole. Lakabu ya dhihaka imekuwa na maisha marefu kuliko jamii yenyewe.

Mwaka 1902 wamisionari wa Marafiki kutoka Marekani walifungua kituo Kaimosi, kisha mafundisho yao yakaenea kaskazini hadi kwa Wabukusu. Mwaka 1927 baadhi ya waumini wa Kaimosi walianza kuomba kwa sauti kuu, wakitetemeka na kunena kwa lugha. Hatimaye walitengwa, na kutokana nao likazaliwa Kanisa la Kiafrika la Roho Mtakatifu. Kwa hiyo kanisa ambalo waasisi wake walidhihakiwa kwa kutetemeka ndilo lililowatenga watetemekaji wa Kiafrika.

Elijah Masinde alikulia katika kanisa hilohilo la Marafiki. Alizaliwa Kimilili yapata mwaka 1910, akawa mwanakandanda hodari aliyeichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alitengwa na kanisa baada ya kuoa mke wa pili. Mwaka 1944 alikamatwa kwa kupinga watu kulazimishwa kufanya kazi, na mwaka uliofuata akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alikozuiliwa hadi 1947. Hapa pana neno la kwanza la kuchunguzwa: mwendawazimu. Masinde alitaka ardhi irudishwe, watawala wa kigeni waondoke, na watu wamwabudu Wele kwa desturi za wahenga wao. Mtu angeweza kuyakubali madai hayo au kuyapinga kwa hoja. Lakini alipokwisha kuitwa mwendawazimu, haja ya hoja ilikwisha.

Septemba 1947 Masinde aliongoza maelfu ya watu hadi Chetambe, karibu na Webuye, mahali ambapo Wabukusu wengi waliuawa mwaka 1895 wakipambana na majeshi ya Waingereza. Walikwenda kuwakumbuka wafu wao. Tarehe 10 Februari 1948, polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake huko Malakisi na kuua watu 11. Mwezi huohuo Masinde alitiwa mbaroni, na mwaka huo dini yake ikapigwa marufuku, naye akahamishiwa Lamu, mbali kabisa na Mlima Elgon.

Upande wa Kitale, ardhi ya Trans Nzoia ilikuwa imegawiwa walowezi wa Kizungu. Wabukusu wengi waliishi humo kama maskwota, wakilima vishamba kwa sharti la kumfanyia mlowezi kazi, huku idadi ya mifugo yao ikizidi kuwekewa mipaka. Kwa mtu wa hali hiyo, mahubiri kwamba mlima ni mtakatifu na nchi inayouzunguka ni ya wahenga wake yalihusu imani na chakula kwa pamoja. Mafundisho hayo yaliwafikia hata Wapokot, ambao kiongozi wao, Lukas Pkiech, aliuawa pamoja na wafuasi wake wengi huko Kolloa, Baringo, tarehe 24 Aprili 1950. Maofisa wa serikali pia walipoteza maisha katika mapambano hayo.

Tuliangalie sasa neno "dini". Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili ni neno la heshima: Uislamu ni dini, Ukristo ni dini. Lakini maofisa wa kikoloni walipoandika kwa Kiingereza, imani yao wenyewe waliiita kwa neno la lugha yao, ilhali neno "dini" waliliazima kwa ajili ya makundi ya Waafrika waliyoyashuku: Dini ya Msambwa, Dini ya Jesu Kristo na mengineyo. Umbo la neno halikubadilika. Kilichoshushwa ni hadhi yake.

Neno "msambwa" nalo halikusalimika. Katika Lubukusu, kumusambwa, wingi wake kimisambwa, ni roho za wahenga pamoja na mambo yanayowafunga walio hai kwa waliotangulia. Wako wanaolitafsiri kama "mizimu", na wengine "mashetani". Tafsiri ya kwanza ina upungufu. Ya pili ni hukumu, tena hukumu inayotolewa kabla ya mwanafunzi kuuliza swali.

Uhuru haukulimaliza jambo hili. Masinde aliachiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliipiga marufuku dini hiyo mwaka 1968. Masinde alifungwa tena, akaachiliwa mwaka 1978 Rais Moi aliposhika hatamu, na kufariki mwaka 1987. Bendera ilikuwa imebadilika, lakini msamiati ulibaki uleule.

Sisemi kwamba Masinde atakaswe. Wafuasi wake walishutumiwa kwa kuchoma majengo, na mahubiri yake dhidi ya wageni yalikuwa makali. Hayo pia yafundishwe. Ninalolipinga ni kumsikiliza mshtaki peke yake, kisha kuiita hukumu hiyo historia.

Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi wakati wa mauaji ya Malakisi sasa anakaribia umri wa miaka tisini, au ameshaupita. Walimu wa Kimilili, Malakisi, Webuye na Kitale wanaweza kuwatuma wanafunzi kwa wazee hao wakiwa na daftari na maswali machache: Watu wa nyumbani waliwaitaje waumini hao? Wao wenyewe walijiitaje? Waliomba kwa maneno gani? Majibu yaandikwe kwanza kwa lugha ya msemaji, ndipo yatafsiriwe. Makavazi yataendelea kuwapo. Wazee hawatatusubiri.