Ufundi Wako Utapimwa Upya: Habari za Kuhamia Mikoa ya Australia

Leo twataka kuzungumza juu ya safari ambayo vijana wengi wenye elimu wanaifikiria siku hizi, yaani safari ya kwenda Australia kufanya kazi, wala si katika miji mikubwa yenye kusifika, bali katika miji midogo na mashamba ya bara.

Jambo lenyewe lilitufikia mlangoni. Jioni moja alikuja nyumbani kwetu mwanafunzi wetu wa zamani, aliyepata cheti cha ualimu katika chuo chetu, pamoja na mkewe ambaye ni muuguzi. Wakapiga hodi, wakatuamkia, na baada ya chai yule kijana akatoa bahasha. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya wakala mmoja aliyeahidi kumpatia kazi ya kufundisha huko Australia, pamoja na hesabu ya fedha alizotakiwa kulipa. Fedha zile zilikuwa sawasawa na thamani ya shamba la baba yake. Akasema, "Mwalimu, nimekuja kuomba shauri kabla hatujauza." Tukamjibu kwamba karatasi hizo tutazisoma pamoja, na kanuni za serikali ya huko tutazitafuta wenyewe, tusitegemee maneno ya mtu anayengoja kulipwa. Hayo tuliyoyaona ndiyo tunayowaletea.

Kwanza yafaa tuijue nchi yenyewe. Australia ni kubwa kuliko Tanzania mara 8, lakini watu wake ni kama milioni 27 tu, hali hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Tanzania ina watu zaidi ya milioni 61. Na katika hao milioni 27, kadiri ya theluthi mbili wamekusanyika katika miji mikuu. Sydney na Melbourne, kila mmoja una watu zaidi ya milioni 5. Bara iliyobaki ni pana mno. Huko utakuta hospitali isiyo na wauguzi wa kutosha, shule inayomtafuta mwalimu wa hesabu mwaka hata mwaka, na gereji yenye magari mengi kuliko mafundi. Vijana wenyeji nao, kama vijana wetu, hupenda mjini. Ndipo serikali yao ilipoona heri kuwaita watu wenye ufundi kutoka nje, kwa sharti kwamba wakae huko bara. Wahenga wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Na hapa ndivyo ilivyo hasa, ila mwenyeji huyu humchagua mgeni wake kwa mizani.

Haikuwa hivi sikuzote. Tangu mwaka 1901 sheria ya nchi hiyo iliwazuia watu wasio Wazungu, na hila yake moja ilikuwa mtihani wa imla, ambao afisa aliweza kuutoa kwa lugha asiyoijua yule msafiri, ili ashindwe. Mtihani huo ulifutwa mwaka 1958, na mabaki ya siasa ile yaliondolewa mwaka 1973. Twayataja haya kwa kupita tu, maana mizani ya leo, ijapokuwa ngumu, haiulizi rangi ya mtu.

Basi tuitazame mizani hiyo. Tarehe 16 Novemba 2019 ziliwekwa viza mbili za mikoani. Ya kwanza ni namba 491, ambayo mtu huipata kwa kupendekezwa na serikali ya jimbo, au kwa kudhaminiwa na jamaa yake akaaye huko mikoani. Ya pili ni namba 494, ambayo mtu huipata kwa kudhaminiwa na mwajiri, naye awe amefanya kazi yake si chini ya miaka 3. Zote mbili ni za miaka 5, na kwa kawaida mwombaji awe hajatimiza miaka 45. Aliyekaa mikoani miaka 3 na kushika masharti aweza kuomba ruhusa ya kukaa daima, ambayo ni viza namba 191.

Sharti kubwa ni hili: mwenye viza hizi lazima aishi, afanye kazi na asome katika mikoa tu. Mtu akiishi mjini Sydney kwa sababu binamu yake yuko huko, amevunja ahadi. Lakini neno "mikoa" katika sheria yao lina maana pana kuliko tulivyodhani. Ni kila mahali isipokuwa Sydney, Melbourne na Brisbane. Kwa hiyo hata Perth, mji wenye watu zaidi ya milioni 2, huhesabiwa kuwa mkoani. Tuliposoma hayo mgeni wetu alicheka, akasema kwamba kumbe hata Dar es Salaam ingeweza kuitwa shamba.

Tofauti ya viza hizo mbili ni kubwa kwa mtu atakayeishi nazo. Mwenye 491 aweza kuacha kazi mji huu akatafuta nyingine mji ule, maadamu hatoki mikoani. Mwenye 494 amefungwa na mwajiri wake. Wakiachana, kwa kanuni iliyoanza Julai 2024, ana siku 180 za kumpata mwajiri mwingine wa kumdhamini au kufanya shauri jingine. Mtu asiyelijua jambo hili huvumilia maonevu kwa kudhani kwamba akitoka leo, kesho atarudishwa kwao.

Sasa twafika penye uzito. Tuliyaweka mezani masharti ya walimu. Wapimaji wa ualimu huko hutaka masomo ya chuo kikuu yasiyopungua miaka 4, ndani yake mwaka mmoja wa mafunzo ya ualimu wenyewe, na siku 45 za kufundisha darasani chini ya msimamizi. Tena hutaka Kiingereza cha hali ya juu: katika mtihani uitwao IELTS, alama 7 za kusoma na kuandika, na alama 8 za kusikiliza na kusema. Kijana alikuwa na cheti cha miaka 2, kile tulichompa sisi wenyewe kwa mikono yetu, siku ya furaha, mbele ya wazazi wake. Cheti hicho kimemfanya mwalimu mwema, na watoto zaidi ya mia wanajua kusoma kwa sababu yake. Lakini katika mizani ile hakikufika nusu ya njia. Tulinyamaza kidogo, naye akanyamaza. Wala wakala katika karatasi zake zote hakuwa amelitaja jambo hilo.

Hapo mkewe, aliyekuwa hajasema neno, akauliza, "Na wauguzi je?"

Tukafungua ukurasa mwingine. Yeye ana shahada ya uuguzi, umri wake ni miaka 34, na amefanya kazi hospitalini miaka 6. Kwa hesabu iliyowekwa mwaka 2019, mwombaji wa 491 sharti apate alama zisizopungua 65. Tukahesabu kwa penseli: umri wa miaka 33 hata 39, alama 25, shahada, alama 15, kazi aliyoifanya nje ya Australia kuanzia miaka 5, alama 10, Kiingereza akifaulu daraja la pili, alama 10, na pendekezo la jimbo, alama 15. Jumla 75. Na mumewe akifaulu mtihani wa Kiingereza wa kiasi, huongezwa alama 5. Basi aliyedhani kuwa ni mchukuzi wa mizigo ya safari ya mumewe alikuwa ndiye mwenye safari. Na mume na watoto huweza kuingia katika ombi lake, na mume huruhusiwa kufanya kazi.

Yafaa tuseme wazi kwamba kupata 65, au hata 75, si kuitwa. Ni kuingia katika foleni tu. Kila jimbo lina orodha yake ya kazi zinazohitajiwa, na majimbo mengine huwapendelea walio tayari huko. Tena muuguzi hawezi kumgusa mgonjwa kabla hajaandikishwa na baraza la kazi yake. Muuguzi aliyesoma kwetu kwa kawaida hutakiwa kufanya mitihani miwili: wa kwanza wa maswali kwa kompyuta, ambao hufanywa katika vituo vya nchi mbalimbali, na wa pili wa vitendo, ambao hufanywa Australia kwenyewe. Kadhalika fundi wa umeme. Hata awe ametia umeme majumba mangapi kwetu, huko hawezi kugusa waya bila leseni ya jimbo. Kwanza hupimwa, kisha hufanya kazi chini ya fundi wa huko na kusoma yale yaliyopungua. Mtu wa miaka 15 ya kazi huona haya kuwa mwanafunzi tena. Wengine haya hiyo huwashinda, wakaishia kufanya kazi yoyote ile, na ufundi wao ukaota kutu.

Juu ya mawakala tutasema maneno machache. Huko Australia wakala wa uhamiaji sharti awe ameandikishwa, na orodha yao iko wazi kwa kila mtu kuitazama. Na tangu Desemba 2015 ni kosa la sheria mtu kuomba au kupokea malipo ili amdhamini mwingine apate viza. Ada za serikali na za mitihani ni halali, nazo si ndogo. Lakini anayekuuzia kazi yenyewe anakuuzia kitu kisichouzwa.

Tuseme sasa mtu amefika. Sisi wenyewe katika ujana wetu tulihamishwa kutoka pwani tukapelekwa shule ya bara, siku tatu za safari, na twakumbuka jinsi mwaka wa kwanza ulivyokuwa mrefu. Chakula kilikuwa kigeni, baridi ilikuwa kali, na hata mzaha wa watu hatukuuelewa. Aendaye mikoa ya Australia atakuwa na hayo yote na zaidi. Baridi yao huja Juni na Julai. Mji hata mji ni safari, na mabasi ni machache, basi bila gari mtu ni kama mfungwa. Afadhali magari yao hupita upande wa kushoto kama yetu. Nyumba za kupanga katika miji midogo ni adimu, na mara nyingi kupata nyumba ni kugumu kuliko kupata kazi. Kwa hiyo mtu asikubali kazi kabla ya kuuliza atalala wapi.

Desturi nazo zina mitego. Mkubwa wa kazi huitwa kwa jina lake tupu, bila Bwana wala Mheshimiwa, na yeye hufurahi. Masikio yetu ya kialimu yalisikitika kusikia hivyo. Ukialikwa karamuni ukaambiwa uje na sahani, maana yake uje na chakula ndani ya sahani. Wageni wengi wamefika na sahani safi, tupu, wakidhani mwenyeji amepungukiwa na vyombo!

Lakini mji mdogo una jambo moja ambalo mji mkubwa hauna: huwezi kupotea. Mauzaji wa duka, dereva wa basi la shule, mganga, wote watakujua kabla mwezi haujaisha. Ziko brigedi za kuzima moto wa nyika, za watu wa kujitolea wasiolipwa, na mgeni ajiungaye nazo hupata rafiki upesi kuliko kwa njia nyingine tunayoijua. Twautaja mji mdogo uitwao Nhill, katika jimbo la Victoria, wenye watu kama 2,000. Tangu mwaka 2010 kampuni ya kufuga bata hapo, iliyokosa wafanyakazi, iliwaita Wakareni, watu waliokimbia vita nchini Burma na kukaa kwanza Melbourne. Hao walikuja kwa njia ya ukimbizi, si kwa viza za ufundi, lakini namna walivyopokewa yafundisha. Kabla ya kuhama waliletwa kuuona mji, na wenye mji wakatayarishwa kuwapokea. Wakaja wachache, kisha jamaa zao. Utafiti wa mwaka 2015 ulikuta wamezidi 150, na shule na maduka ya mji ule yamepata uhai. Hawakutumwa huko na ramani. Walikwenda kwa kuwa ilikuwapo kazi, na mtu wa kuwaonyesha nyumba.

Wageni wetu waliondoka usiku, bahasha wakaiacha mezani. Yule wakala alipiga simu mara mbili, kisha akaacha. Mwanafunzi wetu ameanza masomo ya shahada jioni jioni, na husoma Kiingereza pamoja na mkewe wakati watoto wamelala. Mke ameandika jina lake kwa ule mtihani wa kwanza. Shamba la baba bado ni lao, na msimu huu limepandwa mihogo.