Kibonde cha Nyasi katika Uwanja wa Gofu: Faida Zake na Jina Lake

Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, kilipewa pia jukumu la kueleza mambo ambayo wengi wetu tumezoea kuyasikia kwa lugha nyingine. Mchezo wa gofu ni mojawapo. Kutoka hapa Kicukiro hadi Nyarutarama, wilayani Gasabo, si mbali, na huko upo uwanja wa mashimo 18 uliosanifiwa na kampuni ya Gary Player. Wanafunzi wetu watakaokuwa wafasiri na waongoza watalii watakutana na msamiati wake. Makala hii inaeleza dhana moja tu: kibonde cha nyasi.

Katika gofu, mchezaji hupiga mpira kwa fimbo mpaka uingie katika shimo dogo lililo kwenye grini, yaani sehemu yenye nyasi fupi sana. Ili kazi isiwe rahisi mno, msanifu huweka vikwazo. Kinachofahamika zaidi ni bunka, yaani eneo lililochimbwa na kutiwa mchanga. Kibonde cha nyasi huwa na umbo kama hilo, lakini badala ya mchanga huoteshwa nyasi, aghalabu zikaachwa ndefu kidogo.

Faida zake ni hizi. Kwanza ni matunzo. Mchanga hudai reki kila siku, kingo zake hukatwa, na baada ya muda hubadilishwa. Kibonde huhitaji kufyekwa tu. Pili ni mvua. Kigali ni mji wa vilima, wenye mvua nyingi kati ya Machi na Mei, kisha Septemba hadi Desemba. Maji yateremkayo huuporomosha mchanga na kuuchanganya na udongo mwekundu, ilhali mizizi ya nyasi huushika udongo. Tatu ni mchezo wenyewe. Mchezaji mahiri hupenda mchanga kwa kuwa humwezesha kuutawala mzunguko wa mpira. Katika nyasi mpira huweza kukaa juu au kuzama, hivyo hana uhakika. Anayejifunza, kwa upande wake, hujinasua kwa pigo la kawaida. Kikwazo hicho basi humsumbua bingwa bila kumkatisha tamaa mwanafunzi.

Wala si jambo la kubuni. Klabu ya Royal Ashdown Forest nchini Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1888, haina bunka hata moja la mchanga, na bado uwanja wake unaheshimiwa kwa ugumu.

Hata hivyo, kibonde kina masharti. Kisipowekewa njia ya kutolea maji hugeuka dimbwi, na kingo zikiwa wima mno mashine ya kukatia nyasi haipiti.

Sasa tuje kwenye lugha. Kwa mujibu wa Kanuni za Gofu, bunka ni eneo la mchanga lililoandaliwa mahususi. Kibonde cha nyasi si bunka. Tofauti hii ina uzito. Ndani ya bunka mchezaji hukatazwa kuugusa mchanga kwa fimbo mbele au nyuma tu ya mpira kabla ya kupiga, na akiugusa huadhibiwa. Ndani ya kibonde anaruhusiwa kuiweka fimbo chini kwa wepesi. Mfasiri akiandika "bunka la nyasi", msomaji atadhani kanuni ni ileile. Akiita bunka "shimo la mchanga", atavuruga zaidi, kwani katika gofu "shimo" ndilo lengo lenyewe. Mpira umeingia shimoni: tushangilie au tusikitike?

Kwa hiyo napendekeza "bunka" libaki kwa eneo la mchanga, na "kibonde cha nyasi" litumike kwa hiki kingine. Walimu wanaweza kulifanya zoezi darasani: wanafunzi wachague mchezo mmoja, wakusanye istilahi zake, kisha wapime kila jina kwa kanuni za mchezo huo, si kwa sura ya kitu pekee.