Spea ya Dukani au ya Karakana?

Leo tuzungumzie injini ya mashine ya kusaga, hasa kwenu ninyi wa Handeni na Korogwe.

Tuseme mavuno yamekwisha ingia ndani, na injini ya kijiji imekufa. Akina mama wanajitwika mahindi na makopa ya bada kwenda kusaga kijiji cha pili. Kamati inakutana. Mmoja anasema, "Tununue spea dukani." Mwingine anasema, "Fundi wetu atakereza kwa bei nafuu." Je, nani tumfuate? Jibu linategemea kazi ya spea yenyewe ndani ya injini.

Kuchonga spea si jambo geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni ziliadimika nchini, na spea zikaadimika nazo. Mafundi wetu walichonga walichoweza. Mashamba ya mkonge ya Korogwe nayo yalikuwa na karakana zake. Hivyo kuchonga si kosa. Kosa ni kuchonga kila kitu, au kununua kila kitu, bila kupima.

Basi gawa spea katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni zile zinazogusa moto, mgandamizo na dizeli: nozeli, pampu ya dizeli, vali na ringi za pistoni. Hizi nunua. Matundu ya nozeli ni membamba mno, hayatobolewi kwa keekee ya kawaida. Na ringi ya chuma kisichofaa huikwaruza silinda, ukaingia hasara kubwa zaidi.

Fungu la pili ni zenye umbo rahisi: puli, bomba la moshi, tangi la maji. Hizi fundi mzuri wa karibu azitengeneze.

Fungu la tatu ni za katikati, kama bushi. Hapa ndipo pa kupiga hesabu. Chukua mfano: bushi ya dukani ni shilingi 40,000, inadumu miezi 12. Ya karakana ni shilingi 15,000, inadumu miezi 3. Kwa mwaka utakereza nne, yaani shilingi 60,000, na injini itasimama mara nne. Lakini ya karakana ikidumu miezi 6, mwaka mzima ni shilingi 30,000. Hapo karakana imeshinda. Kwa hiyo usiulize bei tu, uliza pia itadumu muda gani.

Sasa, usidhani cha dukani hakipimwi. Injini za Lister za nguvu za farasi 6, zinazozunguka mara 650 kwa dakika, zilitengenezwa Dursley, Uingereza. Injini za muundo huo huo zimetengenezwa pia Rajkot, India. Umbo ni moja, lakini ubora wa spea hutofautiana. Jina juu ya boksi halitoshi.

Ukinunua ringi, itie peke yake ndani ya silinda, uisukume kwa pistoni ikae sawasawa. Mwambie fundi apime mwanya wa ncha zake kwa fila, alinganishe na kitabu cha injini. Mwanya ukizidi, mgandamizo unavuja na injini inakosa nguvu. Ukiwa mdogo mno, ringi ikipata joto itabana.

Na ukichongesha bushi, muulize fundi ni madini gani. Mpelekee bushi ya zamani pamoja na shafti yake, kwani bushi iliyolika haitoi kipimo cha kweli. Pataneni mapema: ikiharibika kabla ya muda mliokubaliana, atachonga nyingine bure.

Ukishafunga, washa injini bila kusaga kwanza. Sikiliza mlio, angalia joto. Kisha zima, angalia oili. Ukiona unga wa shaba unaometa, usiendelee, fungua.

Mwisho, wekeni daftari la mashine. Andikeni spea ilitoka wapi, bei yake, siku ilipofungwa na siku ilipokufa. Baada ya mwaka mmoja kamati haitabishana tena kwa maneno. Daftari litasema lipi ni duka zuri, na yupi ni fundi hodari.

Kwa leo tukomee hapo, ndugu mkulima. Kazi njema.