Akiba ya Kustaafu Isiyodaiwa: Je, Katiba Inaruhusu Serikali Kuichukua?

Mfanyakazi anaweza kukatwa mchango wa kustaafu kila mwezi kwa miaka mingi, kisha akafariki kabla ya kuichukua akiba yake. Mwingine huacha kazi akiwa kijana, akahama na kubadilisha nambari ya simu. Kwa kuwa sheria haimruhusu kutoa akiba yote kabla ya kufikia umri wa kustaafu, sehemu ya mchango wa mwajiri hubaki kwenye mfuko. Miaka hupita bila mtu kuiulizia.

Katika kaunti, suala hili linawagusa hasa waliofanya kazi katika mabaraza ya miji na wilaya yaliyofikia kikomo mwaka 2013, pamoja na familia zao.

Fedha kama hizi zinaongozwa na Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa ya mwaka 2011. Sheria hiyo inazitaka benki, kampuni za bima, mifuko ya pensheni na wengine wanaoshikilia fedha za watu kumtafuta mwenyewe kupitia anwani yake ya mwisho inayojulikana. Asipopatikana baada ya muda uliowekwa, fedha hukabidhiwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, UFAA.

Wananchi wengi huuliza: je, huku si kunyang'anywa mali? Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda haki ya kila mtu kumiliki mali. Serikali haiwezi kumpokonya mtu mali yake ila kwa manufaa ya umma, kwa kufuata sheria, na kwa kumlipa fidia kamili bila kukawia. Aliyeathiriwa ana haki ya kwenda mahakamani.

Jibu limo katika tofauti kati ya kumiliki na kutunza. UFAA hupokea fedha kama mtunzaji, na kuziweka katika hazina ya amana. Umiliki haubadiliki: aliyechangia, au warithi wake, bado ndio wenye mali, na wanaweza kuidai hata baada ya miaka mingi. Kinachobadilika ni mahali pa kuidai, kwa sababu mfuko uliokwisha kukabidhi fedha hizo hauzishikilii tena.

Uhalali huo unategemea mambo mawili: mwenye mali aarifiwe, na anapojitokeza na ushahidi alipwe. Pasipo hayo mawili, utunzaji ungegeuka kuwa unyang'anyi ambao Kifungu cha 40 kinaukataza. Ndiyo maana Kifungu cha 47 nacho ni muhimu hapa. Mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma anastahili kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 22 kinamruhusu kwenda kortini iwapo haki yake ya kikatiba imekiukwa.

Haki hizi hazina faida kwa familia isiyojua kwamba kuna fedha. Wakazi wanashauriwa kufanya yafuatayo:

• Kuuliza kwanza kwa mfuko wa pensheni au mwajiri wa zamani ikiwa akiba bado iko huko.
• Kutafuta jina la mwenye mali kwa UFAA, kupitia tovuti yake au kwa kupiga *361#.
• Kuandaa kitambulisho, PIN ya KRA na uthibitisho wa akaunti ya benki. Warithi huhitaji pia cheti cha kifo na hati ya korti ya kusimamia mali ya marehemu.
• Kutomlipa mtu yeyote anayedai ada ya kuharakisha malipo. UFAA haitozi ada kwa kushughulikia madai.

Kwa walio kazini, hatua ni rahisi zaidi: wahakikishe kuwa mfuko una nambari yao ya simu ya sasa na jina la mrithi waliyemchagua, na wamweleze mrithi huyo kwamba akiba ipo.